Kitambuzi cha gesi kwenye gari la kulala: "pii" ya kila nusu dakika ina maana gani?

Swali: "Assalaam alaykum fundi. Nina gari la kulala ndani lililotoka Uingereza, la mwaka 2015. Nimelinunua miaka miwili iliyopita na nalikodisha kwa wageni wanaozunguka Jambiani, Makunduchi na mara mojamoja Pemba. Chini ya kabati la jiko, karibu na sakafu, pana kisanduku cheupe cha kutambua gesi. Siku zote kilikuwa kimya na taa ya kijani. Mwezi uliopita kikaanza kulia 'pii' moja kila nusu dakika, taa inageuka nyekundu kisha kijani. Nimefunga mtungi, nimeacha milango wazi siku nzima, bado kinalia. Fundi mmoja kanambia ni betri, nikanunua mpya, hakikunyamaza. Mwengine akasema vumbi, akakipuliza kwa hewa na kukipiga spirei ya kusafishia, wapi. Wa tatu anasema nikate waya tu, kwani gesi ina harufu na ikivuja mtu ataisikia. Nikibonyeza kitufe cha kujaribia kinalia vizuri, kwa hivyo najua ni kizima. Jee, kuna gesi inavuja? Na kama ni kubadilisha, naweza mwenyewe? Nimeona Darajani vya kuchomeka kwenye plagi kwa bei ndogo."

Wa alaykumu ssalaam ndugu yangu. Nianze na linalokukosesha usingizi: kwa namna ulivyoeleza, mlio huo si wa gesi. Kitambuzi kilichonusa gesi hakisemi "pii" kikapumzika nusu dakika. Hupiga kelele mfululizo, ya desibeli 85 hivi, taa nyekundu ikimetameta, na hakikomi mpaka hewa isafike. "Pii" moja kila sekunde 25 au 30 huku taa zikipokezana nyekundu na kijani, kwa vitambuzi vingi vya magari haya, ni tangazo kwamba umri wa kifaa umekwisha. Wamekiwekea saa ndani, na saa hiyo imegonga. Peleka mkono nyuma yake, ufungue skrubu mbili, usome karatasi iliyobandikwa: maana ya kila mlio huandikwa hapo, na muhimu zaidi, tarehe ya kutengenezwa.

Tarehe hiyo ndiyo jibu la swali ambalo hukuliuliza lakini nalisikia ndani ya maneno yako: mbona nimekaa nacho miaka miwili tu? Wewe una miaka miwili na gari, kitambuzi kina miaka yake. Vingi hupangiwa miaka 5, vyengine 7, vichache 10. Mara nyengine tarehe haiandikwi wazi: namba nne kama 1415 kwa baadhi ya watengenezaji ni wiki ya 14 ya mwaka 2015. Na usishangae ikiwa hesabu ya miaka haioani na siku kilipoanza kulia. Saa ya ndani kwa kawaida huhesabu muda ambao kifaa kina umeme. Gari likikaa yadi au bandarini betri imechomolewa, saa husimama. Kinusio chenyewe hakisimami kuzeeka namna hiyo. Kwa hivyo kifaa cha 2015 kinaweza kuchelewa sana kutangaza mwisho wake, na baina ya tarehe ya kwenye karatasi na mlio, fuata ile inayotangulia.

Mafundi wako watatu hawako sawa kwa makosa. Yule wa betri hakukosea sana. Umeme ukishuka, vitambuzi vingi hulia kwa vipindi vile vile, ndiyo maana watu huchanganya. Lakini betri mpya haitoshi kuwa ushahidi, kwani baina ya betri na kisanduku pana viungo vinne au vitano, na kwa hewa yetu ya chumvi waya wa shaba hugeuka kijani ndani ya ganda lake bila ya mtu kuona. Chukua mita, iweke kwenye volti za DC, gusa nyaya mbili zinazoingia nyuma ya kitambuzi kikiwa kimewashwa. Betri iliyojaa na kutulia husoma volti 12.6 hivi. Ukipata 12.4 au 12.5 hapo nyuma, umeme si tatizo na suala la betri limekwisha. Ukipata 10 huku betri yenyewe inasoma 12.6, tafuta kiungo kilichooza kabla hujatumia senti kununua kifaa kipya, maana hicho kipya nacho kitalia.

Yule wa spirei, nisamehe, alikiongezea maradhi. Nitaeleza sababu hapa chini.

Na kile kitufe. Hili ndilo kosa linalowapata wengi, hata wenye magari ya namna hii ughaibuni. Kitufe cha kujaribia hupima king'ora, taa na saketi, basi. Hakipimi kama kifaa bado kinanusa. Ni sawa na kumwamsha mlinzi kwa kumwita jina: akiitika unajua yuko macho, hujui kama anaona. Kitambuzi kilichokufa pua hulia vizuri kabisa ukikibonyeza.

Tuingie ndani ya kisanduku. Pana punje isiyozidi pilipili manga, imetengenezwa kwa oksidi ya bati, yaani bati halisi linalotumika kulehemia, si la kuezekea. Kijiwaya chembamba huipasha moto mpaka nyuzi mia tatu na kitu, mchana na usiku. Kwenye joto hilo oksijeni ya hewani hunata juu ya punje na kushikilia elektroni zake, kwa hivyo umeme hupita kwa taabu. Gesi ya kupikia ikifika, huungua pale pale juu ya punje ikiitumia ile oksijeni, elektroni huachiwa, umeme hupita kwa wepesi. Saketi huona badiliko hilo na kuamrisha king'ora. Viwango vya Marekani vinataka kilie kabla gesi haijafikia asilimia 25 ya kile kiwango cha chini kinachoweza kuwaka, vya Ulaya ni kabla ya asilimia 20. Kwa lugha nyepesi, kinatakiwa kikupigie kelele wakati hata ukiwasha kiberiti hapatalipuka kitu. Usiwashe, lakini ndiyo nafasi uliyopewa.

Sasa fikiria punje hiyo imekaa motoni miaka 5. Hizo ni saa 43,800. Chembe zake huyeyukiana na kuwa kubwa, uso wake wa kunasia hupungua. Unyevu na chumvi huibadilisha tabia. Kijiwaya cha moto huchoka. Kubwa kuliko yote ni silikoni: ile polishi ya dashibodi wanayopiga vijana wa kuoshea magari, gundi ya silikoni ya kuzibia madirisha, baadhi ya spirei za kulainishia na kusafishia. Mvuke wake ukigusa punje yenye moto hugeuka ngozi nyembamba ya kioo, na gesi haipenyi tena. Hiyo ndiyo sababu sikuipenda ile spirei. Vumbi la nje ya kisanduku lifute kwa kitambaa kikavu au brashi laini. Usipulize kwa pampu, usipake chochote.

Mwengine atauliza, sasa si kingeachwa kifanye kazi mpaka kife chenyewe? Shida ni kwamba hakifi kwa namna moja. Kuna kinachokuwa kiziwi polepole, kuna kinacholia kwa kila harufu ya manukato, na kwa macho vyote viwili vina taa ya kijani. Kuvitofautisha kunahitaji gesi iliyopimwa kiwango, ambayo fundi wa mtaani hana. Watu hutumia kiberiti cha gesi kisichowashwa: unakiachia sekunde moja au mbili mbele ya matundu. Kikilia, unajua pua haijafa. Hujui kama italia kwenye asilimia 20 au 80, na kumwaga gesi nyingi mara kwa mara kunaichosha punje hiyo hiyo. Mimi ningekifanya mara moja tu baada ya kufunga kipya, basi.

Kama kisanduku chako ni cha aina mbili kwa moja, yaani kinanusa pia kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu inayotoka kwenye makaa na kwenye moto unaoungua vibaya, ujue ndani yake pana kinusio cha pili cha namna nyengine kabisa: kiseli kidogo mithili ya betri, chenye asidi na vipande vya platini. Hicho hukauka. Gari lililofungwa juani wakati wa kaskazi hupita nyuzi 50 ndani, na kila msimu unachukua sehemu yake ya unyevu wa kile kiseli. Umri wa kifaa kizima huwa ni wa kinusio kinachokufa mwanzo.

Sasa hoja ya "gesi ina harufu". Ni kweli, na imetiwa makusudi. Gesi ya mtungi kwa asili haina harufu, huongezwa kemikali inayonuka kama kabichi iliyooza ili mtu ashtuke. Lakini pua huchoka, baada ya dakika chache ndani ya harufu ile ile huisikii tena. Mtu aliyelala hategemewi kuamshwa na harufu kama anavyoamshwa na sauti. Tena gesi hii, ikiwa ni propeni (propane), ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa, na ikiwa ni byuteni (butane) ni mara mbili. Hutambaa sakafuni kama maji, na mgeni wako kalala kitandani juu yake. Kaboni monoksidi ndiyo haina harufu kabisa, wala rangi, wala haiwashi macho.

Pigia hesabu gari lako mwenyewe. Chukulia nafasi ya ndani ni mita 12 za ujazo, yaani lita 12,000. Mchanganyiko huanza kuweza kuwaka gesi ikifika kiasi cha asilimia 2, ambazo ni lita 240. Kilo moja ya gesi ya mtungi ikigeuka mvuke hutoa lita 400 mpaka 530. Kwa hivyo nusu kilo na kitu inatosha gari zima, na mtungi wa kilo 6 unazo hizo mara kumi. Lakini kwa kuwa gesi hukaa chini, haihitaji kulijaza gari zima. Sentimita 30 za chini ni lita 2,000 tu, na kuzifikisha asilimia 2 ni lita 40, kiasi cha gramu 100. Ndiyo maana kisanduku kimewekwa karibu na sakafu, na ndiyo maana sikubaliani na kukata waya.

Tuje kwenye kununua. Kwanza tenganisha vitu vitatu ambavyo madukani huitwa kwa jina moja: kitambuzi cha moshi, kitambuzi cha gesi ya kuwaka, na kitambuzi cha kaboni monoksidi. Hakuna kinachofanya kazi ya mwenziwe. Gari lenye jiko na vitanda linataka vyote vitatu, ama kimoja kimoja au viwili vikiwa pamoja.

Vile vya plagi vya Darajani viache kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umeme: vinataka volti 230, na gari lako likiwa ufukweni halina hizo ila kwa kuwasha inveta usiku kucha, ambayo yenyewe inakula betri kuliko kitambuzi. Ya pili ndiyo kubwa. Vingi vya plagi vimetengenezwa kwa gesi asilia, ile ya Songo Songo inayopelekwa kwa mabomba kwenye baadhi ya nyumba za Dar es Salaam. Hiyo ni metheni, nyepesi kuliko hewa, kitambuzi chake hufungwa karibu na dari. Ukikifunga kwa gesi ya mtungi umekosea gesi na umekosea pahala. Soma boksi: iandikwe LPG, yaani gesi ya mtungi, au propane na butane.

Alama za kutafuta ni EN 50194-2 kwa gesi ya kuwaka na EN 50291-2 kwa kaboni monoksidi. Ile "-2" mwishoni isikupite: ndiyo inayoonesha kifaa kimepimwa kwa magari ya kulala na vyombo vya baharini, pamoja na mtikisiko. Barabara ya shamba baada ya masika inahitaji hiyo kuliko barabara za huko kilikotoka. Vya Marekani huandikwa UL 1484 na UL 2034, navyo ni sawa. Kikiwa hakina alama wala tarehe, usikichukue hata ukipewa bure.

Una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kuagiza kile kile kutoka nje. Faida yake ni tundu la ukutani na nyaya kukaa sawasawa. Hasara ni kusubiri, na dukani kinaweza kuwa kimeshakaa miaka miwili. Mwambie muuzaji akutumie picha ya mgongo wa kifaa kabla hujalipa. Zaidi ya miezi 12 tangu kutengenezwa, mwambie hapana. Ya pili ni kufunga viwili mbali mbali: cha gesi cha volti 12 pale pale chini, na cha kaboni monoksidi cha betri yake mwenyewe upande wa kulala. Mimi naielekea hii ya pili, kwa sababu kaboni monoksidi uzito wake unakaribiana na hewa na huchanganyika nayo, kwa hivyo pahala pazuri pa kuinusa ni usawa wa mto wa mtu aliyelala, siyo miguuni pa jiko. Na kimoja kikiisha umri hutupi vyote. Vya pamoja si vibovu, mradi vifungwe kama karatasi yake inavyosema.

Kufunga unaweza mwenyewe kama unajua kutumia mita. Tayarisha bisibisi, koleo la kubania, viunganishi viwili vya kubana vyenye ganda la mpira linalosinyaa kwa joto, fyuzi ya ampia 1 na kishikio chake, na skrubu za chuma kisichoshika kutu. Ukihitaji kuongeza waya, milimita moja ya mraba inatosha. Ukipata wa mashua, ule wenye shaba iliyopakwa bati, chukua huo.

Funga mtungi kwenye valvu yake, fungua milango. Zima sola kwanza, kisha chaja, kisha swichi kuu ya betri ya ndani. Mpangilio huu una sababu: sola ikibaki peke yake bila ya betri, vidhibiti vingi vya sola hupandisha volti na kuunguza vitu. Chomoa kitambuzi, kipige picha na nyaya zake kabla hujagusa. Kawaida ni nyekundu kwa chanya na nyeusi kwa hasi, lakini gari lililokwishapita mikono ya mafundi wengi rangi hazina ahadi, pima. Ukikuta waya wa tatu na wa nne, simama hapo. Huenda zinakwenda kwenye valvu ya umeme inayofunga gesi yenyewe pale kengele inapolia, na kifaa kipya lazima kiwe na nafasi yake.

Kata waya mmoja mmoja, uache mkia wa sentimita 5 upande wa ukuta. Bana viunganishi, visinyaze kwa joto, na usilehemu karibu na kifaa kipya, kwani moshi wa risasi ya kulehemia unaingia puani mwake. Linganisha tundu la ukutani kabla ya skrubu: kuna vinavyozama ndani na kuna vya kukaa juu ya ubao. Urefu kutoka sakafuni uwe sentimita 10 mpaka 15 kama karatasi haikusema vyengine. Kisifichwe na pazia wala godoro, kisiwe ndani ya kabati, kisiwe mbele ya mlango ambapo upepo wa kusi utaifagia gesi kabla haijafika, wala jirani na betri za asidi. Betri inayozidishwa chaji hutoa haidrojeni na gesi za salfa, kitambuzi hulia, na watu hutafuta uvujaji usiokuwepo.

Rudisha swichi kuu, chaja, kisha sola. Kifaa kitataka dakika chache za kupata moto, kwa vingi ni kati ya 3 na 10, na taa itakuwa na tabia ya ajabu wakati huo. Usikihukumu mapema. Ikitulia kijani, bonyeza kitufe, kisha ule mpulizo mmoja wa kiberiti. Kwa kalamu ya wino mzito andika mwaka wa kukibadilisha, juu ya kifaa na ndani ya mlango wa kabati, kwa sababu mnunuzi wa gari baada yako hatafungua skrubu.

Ukikifunga, kumbuka kinakula. Vingi vya volti 12 huchukua kiasi cha miliampia 100, ambazo kwa siku ni ampia-saa 2.4. Betri ya asidi ya ampia-saa 100 usiyotaka kuishusha chini ya nusu itamalizwa na kitambuzi peke yake ndani ya wiki tatu. Gari likilazwa msimu wa masika bila sola, funga mtungi, utoe nje kabisa, kisha zima swichi kuu. Mtu akilala ndani hata usiku mmoja, kitambuzi kiwe na umeme.

Kwa kuwa umeshapiga magoti pale chini, kagua mambo matatu. Kwenye sakafu ya kabati la mtungi pana tundu, au matundu, yanayotoka nje chini ya gari. Wengi huyaziba kwa kitambaa kuzuia vumbi na mchwa. Hayo ndiyo mlango wa gesi nzito kutokea. Yafungue, uweke wavu wa matundu mapana kama unaogopa wadudu. Pili, mpira wa gesi: pinda kwa vidole, ukiona mipasuko midogo au umekakamaa, badilisha, tarehe huwa imepigwa juu yake. Tatu, regyuleta. Majiko na friji za magari ya Ulaya ya miaka hii yanataka milibari 30. Waangalie wanaokuwekea ile ya kuzungushwa ya majiko makubwa ya biashara, ambayo inapeleka mkandamizo wa juu zaidi. Viungo vyote vipake povu la sabuni ya maji, mtungi ukiwa wazi na majiko yamezimwa, na usubiri dakika moja kila kiungo. Kipovu kinachokua ni uvujaji, hata kama ni kimoja kidogo.

Kuna mambo yatakayokifanya kipya kilie bila ya uvujaji, na wageni lazima waambiwe. Spirei ya mbu ndiyo ya kwanza: msukumo wa makopo mengi ni hiyo hiyo propeni na byuteni, kwa hivyo kitambuzi hakikosei kulia. Manukato na spirei za nywele pia. Chetezo chenye makaa ya udi ndani ya gari lililofungwa ni jambo jengine. Hapo kinacholia ni upande wa kaboni monoksidi, na kinalia kwa haki. Seredani isiingie garini hata siku ya mvua, hata ikionekana imezima. Makaa yasiyo na moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksidi kwa ukimya. Na usitegemee kengele hiyo ilie papo hapo: kwa kiwango cha Ulaya, sehemu 50 kwa milioni hupewa dakika 60 mpaka 90 kabla ya kulia, 300 ndiyo hupewa dakika 3.

Yapo ambayo sitaki uyafanye peke yako. Kengele ya mfululizo ikirudi baada ya kubadilisha kifaa, au povu likikuonesha uvujaji kwenye bomba la shaba lililopita ukutani, gari lisitumike mpaka fundi wa gesi mwenye kipima mkandamizo alipime mfumo mzima. Waulize wanaokuuzia mitungi wana fundi gani. Kengele ya kaboni monoksidi ikilia huku hita ya maji au friji ya gesi inafanya kazi, bomba la moshi la kifaa hicho lifunguliwe na anayelijua. Na kwa gari la kukodisha wageni, ni busara kulipeleka Kikosi cha Zimamoto na Uokozi wakutazamie pahala pa mtungi na vizimia moto. Mtu akilalamika kichwa kinauma, kichefuchefu, miguu mizito, na wenziwe ndani ya gari hivyo hivyo, watoe nje na uwapeleke hospitali. Waambie madaktari kwa maneno, "tulikuwa kwenye gari lenye gesi au mkaa," kwa sababu kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni kinaweza kusoma vizuri huku damu imejaa kaboni monoksidi.

Kwa wageni, bandika karatasi ndani ya mlango wa kutokea, usawa wa macho, kwa Kiingereza na lugha nyengine za wateja wako. Maneno haya yanatosha: kengele ikilia mfululizo, usiwashe wala kuzima swichi yoyote, usiwashe injini, acha mlango wazi utoke na wenzio wote, funga mtungi ukiufikia kwa nje, piga simu ukiwa umeshafika mbali na gari. Chini yake andika namba yako. Na mstari mmoja zaidi kwa wale wa Pemba: kabla ya kupanda meli ya magari, mtungi ufungwe kwenye valvu yake, siyo kwenye swichi ya jiko.